Ubao wa Tatu

Chumba cha Sunohara Youhei kimo katika bweni la wavulana ambalo wengi wa wakazi wake ni wanamichezo. Ndani mna meza fupi ya kotatsu, ile yenye blanketi ambayo Wajapani huingiza miguu chini yake wapate joto, mna vitabu vya katuni vilivyotupwa ovyo, na mna ukuta mwembamba. Upande wa pili wa ukuta wanakaa vijana wa timu ya raga. Sunohara akipaza sauti kidogo tu, anaburutwa nje, na kinachofuata ni mayowe. Anarudi amekunjika kama mkeka. Dakika moja baadaye yuko tena mezani, mzima, anaropoka upuuzi mwingine utakaomrudisha mikononi mwa wale wale.

Mbele yake amekaa rafiki yake, Okazaki Tomoya, akifungua kurasa bila haraka. Huyo ndiye mhusika mkuu. Ndiye atakayependa na kupendwa, ataoa, na atalia. Sunohara kazi yake ni kuchekwa.

Mara ya kwanza nilipoitazama Clannad nilikuwa nazirusha mbele sehemu zake. Nilitaka mapenzi. Kila aliyeiona alikuwa ameniambia kwamba anime hii inawaliza watu wazima, nikawa nangoja kulia, na kijana huyu mwenye nywele alizozipausha mpaka zikawa rangi ya majani makavu akawa ananichelewesha. Nilipoirudia miaka kadhaa baadaye, bila kuruka kitu, nililia mapema zaidi, na aliyeniliza alikuwa yeye.

Clannad ilianza kama mchezo wa kompyuta wa kusoma na kuchagua njia, uliotolewa na Key tarehe 28 Aprili 2004. Mwandishi wake mkuu ni Maeda Jun. Studio ya Kyoto Animation iliugeuza kuwa anime chini ya uongozi wa Ishihara Tatsuya: msimu wa kwanza ulirushwa kuanzia Oktoba 2007 hadi Machi 2008, na wa pili, After Story, kuanzia Oktoba 2008 hadi Machi 2009. Kwa ufupi kabisa ni kisa cha Okazaki, mwanafunzi mtoro aliyegombana na baba yake, na Furukawa Nagisa, msichana mgonjwa anayerudia mwaka wa mwisho na kuota kufufua klabu ya maigizo ya shule. Wanakutana chini ya mlima mdogo wa kupandia shuleni, miti ya mcheri imechanua. Wanapendana. Yanayofuata baada ya kuhitimu ndiyo yaliyoipa anime hii sifa yake.

Lakini kabla ya Nagisa alikuwepo Sunohara.

Ili kumwelewa mchekeshaji wa anime ya mapenzi ya shuleni, ni lazima kwanza uelewe jinsi mapenzi yenyewe yanavyokwenda taratibu humo. Sekondari ya juu Japani ni miaka mitatu. Mwaka wa masomo huanza Aprili na kuisha Machi. Katikati kuna tamasha la utamaduni, kuna siku ya michezo, kuna safari ya darasa, kuna Krismasi, kisha mitihani ya vyuo inawameza wote. Ndani ya kalenda hiyo mvulana na msichana wanatakiwa kufika kwenye kokuhaku, tamko rasmi la mapenzi, ambalo likishatolewa halirudi. Kwa hiyo halitolewi. Hadithi nzima inaweza kupita vipindi ishirini watu wawili wakiwa wamekaa madawati mawili jirani, kila mmoja akijua, hakuna anayesema. Hata majina hupimwa. Nagisa anamwita mwenzake Okazaki kwa heshima, jina la ukoo, na siku anapovuka na kumwita Tomoya tunahisi kama mlango umefunguliwa.

Sasa, katika nyumba hiyo ya watu walionyamaza, anahitajika mmoja asiyeweza kunyamaza. Sunohara husema kila kinachompitia kichwani. Anamtaka msichana, anamwambia, anapigwa. Anaona wivu, anautangaza. Anaogopa, anajificha nyuma ya rafiki yake mchana kweupe. Sakagami Tomoyo, msichana mwenye sifa ya kupigana, anapohamia shuleni, Sunohara hakubali kwamba ni msichana. Anakwenda kuthibitisha kuwa ni mwanamume, anapigwa mateke mfululizo kama kwenye michezo ya video ya mapigano, na kesho yake anarudi na hoja mpya. Fujibayashi Kyou humrushia kamusi. Sagara Misae, msimamizi wa bweni, humkaba kwa mitindo ya mieleka. Na yeye hajifunzi. Kutojifunza kwake ndiko kunakoifanya dunia ile iwe na hewa.

Wajapani wana jina la kale la mtu wa aina hii. Kwa mapokeo ya ukumbi wa kabuki wa enzi za Edo, majina ya waigizaji yaliandikwa kwenye mbao zilizotundikwa nje ya jumba. Ubao wa kwanza ulikuwa wa nyota wa kundi. Wa pili ulikuwa wa kijana mzuri wa sura, yule anayeigiza mpenzi. Wa tatu ulikuwa wa mchekeshaji. Hadi leo mwanamume mtanashati huitwa nimaime, yaani ubao wa pili, na mcheshi huitwa sanmaime, ubao wa tatu. Napenda jambo moja katika mapokeo haya: mchekeshaji hakuandikwa mwisho, na wala hakuandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Jina lake lilitundikwa ubavuni mwa jina la mpenzi, mbao mbili zikigusana, kana kwamba wenye jumba walijua hawa wawili hununuliwa kwa tiketi moja.

Ukoo mwingine wa Sunohara uko Osaka, kwenye manzai. Watu wawili wanasimama mbele ya kipaza sauti kimoja. Mmoja ni boke, anayepotoka, anayesema mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Mwenzake ni tsukkomi, anayeingilia kwa kasi na kumrudisha kwenye njia, mara nyingine kwa kumzaba kibao au kumpiga na upepeo wa karatasi iliyokunjwa uitwao harisen, ambao una kelele nyingi na maumivu kidogo. Kampuni ya Yoshimoto Kogyo, iliyoanzishwa Osaka mwaka 1912, iliifanya sanaa hii kuwa biashara kubwa, na televisheni ikaipeleka nchi nzima. Mtoto wa Kijapani anakua akiyasikia mapigo yake. Mwandishi wa anime anapomkalisha Okazaki na Sunohara kwenye meza moja, mtazamaji wa huko anajua tayari nani atapotoka na nani atamrekebisha.

Clannad, hata hivyo, inafanya kitu cha ziada. Okazaki harekebishi tu. Mara nyingi yeye ndiye anayemtega. Anamshauri Sunohara jambo la kipumbavu kwa uso mkavu kabisa, kisha anakaa kando kutazama matokeo. Sunohara anaingia mtegoni akiwa na imani kamili, kila mara. Ukimsikiliza vizuri utamjua mwigizaji wa sauti nyuma yake, Sakaguchi Daisuke. Huyu huyu ndiye Shimura Shinpachi wa Gintama, anime iliyoanza kurushwa mwaka 2006, na kule yeye ndiye tsukkomi: kijana wa miwani anayewapigia kelele wendawazimu waliomzunguka mpaka sauti inamkauka. Mtu mmoja, koo moja, pande zote mbili za kipaza sauti. Nadhani ndiyo sababu Sunohara wake hasikiki kama mjinga. Anayesema upuuzi huo anajua hasa mahali ambapo mwenzake atauingilia, na anamwachia nafasi.

Kiswahili kina neno linalowafaa hawa wawili kuliko urafiki, nalo ni utani. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe, kukunyang'anya kofia, kukuzulia deni, nawe huna haki ya kukasirika, kwa sababu ruhusa hiyo ina upande wa pili: siku ya msiba wako yeye ndiye anayefika mapema, anayeshika kazi, anayefanya mzaha pale pale penye kilio ili waliofiwa wapate kupumua. Mzaha wa mtani ni dhamana. Nitalirudia jambo hili, kwa kuwa Clannad inaitaka dhamana hiyo ilipwe.

Kwanza niseme juu ya mwili wa Sunohara.

Filamu ina fremu 24 kwa sekunde. Anime za televisheni kwa kawaida hushikilia mchoro mmoja kwa fremu tatu, yaani michoro 8 kwa sekunde, na hata hiyo ni kazi ya kuchosha mikono ya watu wengi. Kichekesho kina njia yake ya kujipunguzia mzigo. Uso wa mhusika hurahisishwa: macho yanakuwa vitone au miduara myeupe, kivuli kinaondoka, mdomo unapanuka kuliko kichwa. Mwili unapoteza uzito. Unaweza kurushwa dirishani, kubanwa mlangoni, kuruka juu na kutua, na katika mchoro unaofuata ukawa umerudi kama ulivyokuwa. Hii ni lugha ambayo mtazamaji ameizoea bila kufundishwa. Mistari ikipungua, anajua kwamba kinachotokea hakiumizi. Mistari ikirudi, kivuli kikirudi, anajua kwamba sasa ni kweli.

Kwa msimu mzima wa kwanza Sunohara anaishi ndani ya mwili wa mistari michache. Amepigwa mara nyingi kuliko mhusika mwingine yeyote, na hakuna pigo lililoacha alama. Sisi watazamaji tunapewa zoezi refu la kuamini kwamba kijana huyu haumii. Na tunafaulu zoezi hilo. Mimi nililifaulu vibaya sana, nikaona hata hafai kutazamwa.

Dalili zilikuwepo. Sunohara alikuja shule hii kwa sababu ya mpira wa miguu; alikuwa mchezaji mzuri na shule ilimchukua kwa mchezo wake. Akapigana, akaondolewa timuni, na akabaki bwenini miongoni mwa wanamichezo ambao hawakumtaka, katika shule ya watu wa mitihani ambayo haikuwa na haja naye tena. Okazaki naye alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu mpaka alipogombana na baba yake na bega la kulia likaumia. Mkono wake haupandi tena juu ya bega. Wote wawili waliingia kwa mlango wa michezo, na mlango huo ukafungwa nyuma yao. Katikati ya msimu wa kwanza, Nagisa anapotafuta mwalimu wa kusimamia klabu ya maigizo na kukuta kwamba klabu ya kwaya inamtaka mwalimu yule yule, mzee Koumura, Sunohara anawafokea wasichana wa kwaya kwa ukali usiolingana na jambo lenyewe. Uso wake una kivuli. Kisha anapendekeza yeye, Okazaki na Kyou wakacheze mpira wa kikapu na timu ya shule, watatu kwa watatu, na tunarudi kwenye vichekesho kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipoirudia anime hii, pale pakanisimamisha. Kijana aliyetupwa na klabu yake anapigania klabu ya mtu mwingine.

After Story inafunguka naye. Watu hulisahau jambo hili, maana msimu huo unakumbukwa kwa ndoa, theluji na reli, lakini vipindi vyake vya mwanzo ni vya mchekeshaji. Kuna mechi ya besiboli ya mtaani, kuna kelele, halafu kuna Mei, mdogo wake Sunohara, aliyetoka nyumbani kwao mbali kuja kuona kaka yake anaishije. Sunohara, aliyemdanganya kwamba ana mpenzi, anahaha kutafuta msichana wa kujifanya mpenzi wake. Wanaomjua wote wanakataa. Anayekubali ni Sanae, mwanamke mchangamfu ambaye Sunohara hajui kwamba ni mama mzazi wa Nagisa. Mpaka hapo ni vichekesho vitupu, na ni vichekesho vizuri: yeye anaamini amepata bahati ya maisha, na kila mtu chumbani anajua isipokuwa yeye.

Mei hacheki. Yeye alikua na kaka mwingine. Kaka wa Mei alikuwa mtu anayekuja mbio mdogo wake anapoonewa. Anamtafuta kaka huyo ndani ya huyu mpayukaji na hamwoni. Okazaki anajaribu kumsaidia: anajifanya ana uhusiano na Mei ili kaka mtu ashtuke. Sunohara hashtuki. Mwishowe Mei anakwenda kwa timu ya mpira wa miguu kuomba kaka yake arudishwe, na wale wachezaji wanamgeuza kuwa wa kuokota mipira, wanamchezea, wanamliza. Okazaki anaingilia. Na hapo, kwa kuchelewa sana, anatokea Sunohara.

Mapigano yanayofuata yamechorwa kwa mistari yote. Ngumi zina uzito. Wale wachezaji wakishaanguka, marafiki hawa wawili wanageukiana. Kila mmoja ana lake: Okazaki hawezi kumsamehe mwenzake kwa kumwacha mdogo wake alie, Sunohara hawezi kumsamehe Okazaki kwa kumfanyia hila kupitia dada yake. Wanapigana bila ustadi wowote, wanapigana kama watu wanaofahamiana, mpaka Nagisa na Mei wanajitia katikati yao. Kijana aliyepigwa msimu mzima bila alama sasa amevimba uso, anatoka damu, na damu hiyo haiondoki katika mchoro unaofuata. Ile imani tuliyofundishwa kwa saa nyingi, kwamba huyu haumii, inavunjwa kwa dakika chache. Hakuna mhusika mwingine katika hadithi ambaye kwake jambo hili lingewezekana. Nagisa akiumia tunalia, lakini hatushangai; tuliambiwa tangu mwanzo kwamba ni dhaifu. Sunohara ndiye tuliyeapishwa kwamba hana mahali pa kuumia.

Kisha wanatazamana nyuso na kucheka. Kicheko hicho kina historia. Siku ya kwanza walipokutana, shuleni, Sunohara alikuwa ametoka kupigana na uso wake ulikuwa umeharibika. Okazaki, ambaye alikuwa hajacheka kwa muda mrefu, alimwona akapasuka mbavu. Urafiki ulianzia hapo. Kichwa cha kipindi hiki cha nne kinahusu tabasamu lile lile la siku ile. Watengenezaji walijua walichokuwa wakifanya.

Miezi hiyo hiyo, Oktoba 2008 hadi Machi 2009, televisheni ya Japani ilikuwa ikirusha pia Toradora, kutoka riwaya za Takemiya Yuyuko, iliyoongozwa na Nagai Tatsuyuki katika studio ya J.C.Staff. Mle kuna Kushieda Minori, nahodha wa timu ya softiboli ya wasichana, mwenye vibarua visivyohesabika na kelele zisizoisha. Takasu Ryuuji anampenda naye hajui aseme nini mbele ya msichana ambaye kila jibu lake ni mzaha. Ufundi wa Minori ni tofauti na wa Sunohara. Sunohara huchekesha kwa sababu hawezi kuficha kitu. Minori huchekesha ili afiche. Usiku mmoja wa likizo ya kiangazi, wakiwa pwani, anamweleza Ryuuji habari za mizimu: kwamba wengine husema wameiona, yeye hajaiona bado. Inachukua muda mtazamaji kutambua kwamba anazungumzia mapenzi. Na usiku wa Krismasi, anapomkataa kabla hajatamka neno, anatumia lugha hiyo hiyo ya mizimu, bado katika sauti ya mcheshi. Horie Yui, aliyeigiza sauti yake, haibadilishi sauti ile ghafla iwe ya huzuni. Anaiacha ichekeshe mpaka mwisho, na ndiyo maana inakata.

Vijana wa leo wakisikia mchekeshaji wa anime ya mapenzi humtaja kwanza Fujiwara Chika wa Kaguya-sama, katuni ya Akasaka Aka ambayo A-1 Pictures iliifanya anime kuanzia Januari 2019. Fujiwara ni katibu wa serikali ya wanafunzi katika shule ya matajiri. Mwenyekiti na makamu wake wanapendana, lakini kila mmoja ameapa mwenzake ndiye atakayetamka kwanza, na werevu wao wote wameumaliza kwenye mitego. Kisha Fujiwara anaingia na mchezo wa karata au kofia ya upelelezi wa mapenzi, na mitego yote inafyatuka hewani. Anajiita mpelelezi wa mapenzi naye haoni yaliyo mbele ya pua yake. Kipindi cha tatu kilifungwa kwa ngoma yake, iliyochorwa kwa kufuatisha mwendo wa mchezaji halisi, na ngoma hiyo ikazunguka dunia. Ninamfurahia. Hata hivyo Fujiwara amepewa kila kitu: familia ya wanasiasa, kipaji cha piano, lugha kadhaa. Anachekesha kutoka juu. Anapomfundisha mwenyekiti kuimba au kupiga mpira wa wavu, tabu anayoipata ni ya mwalimu. Wachoraji hawakumdai alipe chochote kwa kicheko chake, na mimi nikimaliza kumtazama moyo wangu hubaki mwepesi, jambo ambalo pia ni zuri. Ila sioni kwamba hadithi ingeporomoka akiondoka. Ingekuwa baridi tu.

Sunohara akiondoka, inaporomoka. Tena anaondoka kweli.

Mwaka wa shule unakwisha. Sunohara anazirudisha nywele kuwa nyeusi kwa ajili ya kutafuta kazi, na anarejea kwao. Mtazamaji anaweza kuipita picha ile ya nywele nyeusi kama kichekesho kimoja cha mwisho, kwa kuwa sura yake haimkai. Kwangu ndiyo picha ya utu uzima iliyo wazi kuliko zote katika anime hii. Mistari imekamilika. Hatarudishwa tena kwenye vitone viwili na mdomo mpana.

Baada ya hapo Clannad inakuwa kisa cha kazi ya fundi umeme, kodi ya nyumba, ujauzito wa hatari. Mizaha haikomi, baba yake Nagisa ni mcheshi hodari. Lakini Okazaki hana tena mtu wa rika lake wa kumtega kwa uso mkavu. Jioni anarudi amechoka kwenye chumba chenye mwanga mdogo. Na Nagisa anapofariki akijifungua, wakati ambao mtani angetakiwa awe amekaa kizingitini, akikosea kila neno, akimwaga chai, akipigwa kamusi, Okazaki yuko peke yake. Anafanya kazi, anavuta sigara, anakaa mbele ya mashine za kamari, na kwa miaka mitano binti yake, Ushio, analelewa na babu na bibi. Sijui anime nyingine ya televisheni iliyoutumia ukimya wa mchekeshaji namna hii. Kimya kinatanda tu pale ambapo kelele zake zilikuwa, na mtazamaji anahisi baridi bila kujua dirisha gani liko wazi.

Ndipo nilipoelewa chumba kile cha bwenini. Katika vipindi vya mwanzo Okazaki anakwenda kwa Sunohara karibu kila usiku na kukaa mpaka saa za mwishomwisho. Sababu inatajwa kwa haraka: nyumbani yupo baba anayemwita mwanawe kwa adabu ya mgeni, na Okazaki hawezi kukaa naye chini ya paa moja angali macho. Anahitaji mahali pa kungojea baba alale. Miaka yote ile kabla ya Nagisa, kabla ya miti ya mcheri na klabu ya maigizo, mahali hapo palikuwa kwa Sunohara. Naamini bila chumba kile Okazaki angekuwa ameacha shule zamani, na asingekuwa chini ya mlima ule asubuhi Nagisa aliposimama akijisemea peke yake.

Niliirudisha anime mpaka kipindi cha kwanza, usiku. Bweni, ngazi, ukumbi wenye harufu ya viatu vya raga ambayo nadhani naisikia. Okazaki anaingia bila kuulizwa alikotoka. Sunohara anaanza kulalamika kuhusu jambo fulani, tayari amekosea, tayari sauti imepanda kupita kiasi. Okazaki anachukua kitabu cha katuni, anaingiza miguu chini ya blanketi, na upande wa pili wa ukuta mtu anasimama kutoka kitandani.